Levo ya Tisa

Mtaa wa Oli, Arua, nyuma ya duka la Onzima la kuchaji simu,
palikuwa na chumba kisicho na dirisha
na televisheni yenye nundu kama fahali.
Humo ndimo tulimorukia angani,
shilingi mia mbili kwa safari moja.

Filamu zenyewe tulizimaliza kwenye banda la video,
zote saba za Wana wa Jua la Pili,
mfasiri akinguruma juu ya sauti za wenyewe
na kuwabatiza upya: rubani akawa Dereva wa Koboko,
nahodha akawa Mzee Kodi, maana hakuna aliyempenda,
na yule mwanamke wa mitamboni, mwenye mkono wa chuma,
akamwita Mama Injini.

Mama Injini alikufa katika filamu ya tatu.
Tulirudi kuitazama mara nne.
Mara zote nne, alikufa.

Ukiniuliza gemu ipi kati ya zile tano, sitazunguka.
Ya kwanza ni risasi tu, kama mvua kwenye bati.
Ya tatu siizungumzii.
Ya nne picha zake zinang'aa hadi unaona jasho la nahodha,
ila ndani ni tupu, debe.
Ya tano inalilia intaneti kama mtoto anayeachishwa ziwa.
Mimi ni wa ile ya pili,
yenye maroboti ya pembe nne na nyota zinazorukaruka,
kwa sababu ndani yake mna ujia mrefu, gesi inavuja,
una sekunde tisini,
na mshale wa kijani unakuambia: kulia, kimbia.

Ayikoru alikwenda kushoto.

Binti wa muuza muhogo mkavu, sarafu zake zimelowa kiganjani,
zamu yake ya kwanza siku hiyo.
Drani alipiga kelele: unaipoteza pesa!
Yeye kimya, kidole gumba kimekaza,
akaacha dhahabu, akaacha bunduki,
akapita chini ya mlango ukiwa umebaki upana wa sahani.
Na huko alikuwepo, Mama Injini, anakohoa,
anasimama.
Hata Onzima, ambaye hakuwa akitutazama ila wakati wa kudai,
aliacha simu ya watu imefumuliwa mezani
akaja mlangoni na bisibisi mkononi.

Lakini diski ilikuwa na makovu.
Tuliisugua kwa dawa ya meno, kwa fulana ya Drani,
kwa pumzi. Levo ya tisa ikifika,
Mama Injini anaweka mkono wa chuma kwenye mlango wa sayari mpya,
halafu bluu. Bluu tupu, na mlio wa nyuki.

Ndipo Ayikoru alipokuwa akisimama mbele ya ile bluu,
anakoroma koo kama mfasiri:
“Mlango huo! Unafunguka!
Nje udongo mwekundu. Nje kuna kuku.
Kuna mtu anakaanga chapati na mayai, anauliza,
mbona mmechelewa, mlikuwa wapi nyie?”
Kesho yake ilikuwa mto. Keshokutwa harusi, yenye ngoma.
Kuku hawakukosekana.
Tulilipia na bluu ile, na hakuna aliyedai chenji.

Mwezi uliopita, Kampala, ghorofa ya tatu ya jengo la simu,
nimeipata nzima, kwenye kasha lake.
Nikacheza hadi saa nane usiku, mtu mzima, nina kazi asubuhi.
Levo ya tisa. Mkono. Mlango.
Ukafunguka.
Mchanga kidogo, zeze za kompyuta,
kisha majina ya watu wasionijua yakapanda, yakapanda.

Nikamtumia ujumbe Ayikoru, yuko Adjumani,
anafunga pampu za sola kambini.
Nikamwandikia: nimeona mwisho.
Alfajiri akajibu neno moja na alama ya kuuliza:
Kuku?

Sijamjibu bado.
Nimeitoa diski, naigeuza kwenye mwanga wa taa:
safi, haina hata mkwaruzo mmoja.